Kujiweka wazi na VVU: mwongozo kwa anayetaka kusema, na kwa kikundi kitakachosimama naye

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua hali yake, yuko kwenye dawa, na amechoka kuishi kwa kujificha. Haukuandikwa ili kumsukuma mtu ajitangaze. Aliyeamua kukaa kimya hana deni kwa yeyote, na kikundi kinachowabeza wanachama wake walio kimya kinanyanyapaa kama wanyanyapaaji wengine.

Niko kwenye kikundi cha WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU, mkoani Tanga, na katika shughuli hizi nimeona watu wakijiweka wazi kwa namna mbili. Kuna ushuhuda unaoishia kwenye machozi, makofi na soda. Na kuna ule unaoishia kwenye jambo lililobadilika: muuguzi ameacha kuita majina dirishani kwa sauti ya mnada, kikoba kimemrudisha mwanachama kwenye zamu ya mkopo, mtendaji amekubali kuandika barua. Hatua zifuatazo zinalenga huo wa pili. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakoishi. Aliye Kenya au Uganda aangalie sheria za kwake.

Hatua ya 1: Anza na kipimo

Kabla ya kumwambia mtu yeyote nje ya kliniki, jua wingi wa virusi vyako. Ukienda CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, omba uandikiwe namba, usiridhike na "uko vizuri, mama". Kwa kawaida kipimo cha kwanza huchukuliwa miezi 6 baada ya kuanza dawa. Namba hiyo itakujibia maswali mengi ya watu.

Shirika la Afya Duniani lililiweka wazi jambo hili Julai 2023. Virusi visipoonekana kwenye kipimo, na ukaendelea kumeza dawa ipasavyo, huwezi kumwambukiza mwenza wako kwa ngono. Hatari ni sifuri. Vikionekana lakini havizidi nakala 1,000 kwa mililita moja ya damu, hatari ni ndogo mno, karibu na sifuri. Vikizidi hapo, hatari ipo, na kampeni isubiri kwanza mpaka wewe na mshauri wako mjue dawa zinakwama wapi.

Yajue maelezo haya kwa moyo, na mipaka yake pia. Yanahusu ngono. Kwa mama anayenyonyesha, dawa hupunguza sana hatari kwa mtoto lakini hakuna anayeweza kumwahidi sifuri, kwa hiyo hufuata maelekezo ya kliniki ya mama na mtoto. Na kaswende au kisonono haviangalii una virusi vingapi. Ukiyasema haya hadharani ukasahau mipaka, atatokea mhudumu wa afya mmoja kwenye hadhira atakusahihisha, na watu wataondoka na kosa lako badala ya hoja yako.

Utasikia pia mtu akinong'ona kwamba wewe una bahati tu. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta kwamba kati ya watu wazima wanaotumia ARV nchini, asilimia 94.3 virusi vyao vimefubazwa. Bahati haigawiwi kwa wingi huo.

Hatua ya 2: Panga nani ajue na kwa utaratibu gani

Mwenza ndiye wa kwanza, na hapa sheria haikupi hiari: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka anayejua kuwa ana VVU amjulishe mwenzi wake au anayeshiriki naye ngono. Lakini sheria haijakwambia umwambie usiku, chumbani, mkiwa wawili. Ukiwa na wasiwasi wa kipigo au kufukuzwa, mwombe mshauri wa CTC mfike wote kliniki, mpime, habari itoke mbele ya mtaalamu. Kama kipigo tayari ni mazoea ya nyumba hiyo, zungumza na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kabla ya kuzungumza naye.

Baada ya mwenza chagua mtu mmoja, usiuite ukoo mzima. Awe mtu uliyewahi kumwona akitunza siri ya mwingine, na asiwe yule anayekulipia kodi ya nyumba.

Watoto wanasahaulika sana. Mtoto ambaye naye anatumia dawa aambiwe kidogo kidogo kadiri akili inavyokua. Usingoje ajisomee mwenyewe maandishi ya chupa. Na hata mtoto asiye na VVU ana neno katika jambo hili, kwa sababu ushuhuda wako utamfuata shuleni ukiwa na jina la baba yake. Muulize kabla hujapanda jukwaani. Akisema "subiri nimalize mtihani", subiri.

Mwajiri, mwenye nyumba, mchungaji, sheikh, jirani: hakuna sheria inayokudai uwaambie. Waambie iwapo kuna kitu unataka wakufanyie, kwa mfano ruhusa ya siku ya kliniki.

Hatua ya 3: Tunga maneno, uyafanyie mazoezi

Wengi huanza kwa kusema "naomba usinichukie". Hapo wameshamkalisha msikilizaji kwenye kiti cha hakimu. Anza na habari yenyewe, kisha hali yako ya sasa, kisha unachotaka kwake. Haya ni mazungumzo tunayoyafanyia mazoezi kikundini, binti na mama yake mdogo:

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja bila wajukuu zangu?"

"Nimewaacha kwa bibi yao. Nina jambo, nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Nina VVU. Niko kwenye dawa tangu mwaka juzi, na kipimo cha mwezi uliopita virusi havikuonekana."

"Mungu wangu! Nani amekuletea haya?"

"Hilo tuliache, mama. Nilichokuja kuomba ni unikalie na watoto siku za kliniki. Na wakianza kunisema kule nyumbani, uwaambie unajua, na huna cha kuongeza."

Mwenye kuigiza mama mdogo asimhurumie binti. Alie, aulize, ataje jina la yule bwana wa zamani. Binti arudie ombi lake mpaka limtoke bila kutetemeka.

Lile swali la "nani amekuletea" litakufuata kila mahali, kuanzia jikoni mpaka redioni. Jibu lake ni moja: hilo siliongelei. Ukilijibu mara moja tu, mazungumzo yote yanahamia kwa mkosaji. Aliyezaliwa na virusi anaonekana malaika, aliyeambukizwa na mumewe anaonewa huruma, na dada wa baa anaambiwa amejitakia. Kampeni ya kudai wote wahesabiwe haiwezi kuanza kwa kuwapanga watu hivyo. Mimi nawaambia wanachama wetu wasilijibu hata kama historia yao ni ile inayoleta huruma, hasa kama ni hiyo.

Hatua ya 4: Zoea kuwa wazi nyumbani kwanza

Chupa ya vidonge, ile nyeupe ya plastiki, ikitikiswa hulia, na kila aliyewahi kupanda daladala akitoka CTC anaijua ile sauti ndani ya mkoba. Watu huijaza pamba. Hubandua lebo. Wengine huhamishia vidonge kwenye karatasi au mfuko wa nailoni, na hili si zuri: dawa zinashika unyevu, ndiyo maana ndani ya chupa kuna kile kipakiti kidogo cha kufyonza maji. Kiache humo humo.

Nyumba iliyo wazi utaijua kwa chupa kukaa juu ya kabati, na alamu ya saa mbili usiku ikilia mtoto anasema "mama, dawa". Ishi hivyo kwa muda kabla ya kufikiria kipaza sauti. Kama bado unameza dawa chooni kwa sababu wifi yuko sebuleni, jukwaa ni mapema mno kwako. Ukiwa na hali tulivu, uliza kliniki kuhusu kupewa dawa za miezi 3 au 6 kwa mara moja. Zinapunguza safari, nauli na maelezo kazini.

Hatua ya 5: Usalama kabla ya jukwaa

Desemba 1998, huko KwaMashu karibu na Durban, Afrika Kusini, mwanamke aliyeitwa Gugu Dlamini aliuawa kwa kipigo na watu wa mtaani kwake, siku chache baada ya kusema hadharani kwamba ana VVU. Namtaja kwa sababu mpaka leo waandaaji wanapenda kumpandisha mtu jukwaani Desemba mosi, Siku ya UKIMWI Duniani, wampigie makofi, wapige naye picha, kisha gari liondoke na yeye arudi mtaani kwa miguu.

Kwa hiyo kaeni kikao kabla ya kukubali mwaliko wowote. Nani atakuwa naye nyumbani usiku ule na unaofuata? Mwenye nyumba akimpa notisi, atahamia kwa nani? Mjumbe wa mtaa anajua? Kipato chake kinatoka wapi?

Swali la kipato lina uzito wake. Fundi cherehani anaweza kupoteza mteja mmoja au wawili. Mama lishe anaweza kukosa wateja ndani ya wiki, ingawa VVU haviambukizwi kwa chakula na kila mtu alifundishwa hivyo darasani. Kikundi kinachotaka mama lishe ajitangaze kiwe tayari kwenda kula kwake, kwa kulipa, mchana kweupe, siku baada ya siku, mpaka waliohama waone aibu na warudi. Kama hamko tayari kwa hilo, msimwombe.

Hatua ya 6: Usiende peke yako

Tanzania kuna Baraza la Taifa la Watu Wanaoishi na VVU, yaani NACOPHA, na mitandao yake ya wilaya inayoitwa Konga. Muulize mratibu wa UKIMWI wa halmashauri, au WAVIU washauri pale CTC, Konga yenu hukutana wapi. Kushirikishwa kwenu si hisani ya mtu: serikali 42 ziliahidi jambo hilo katika azimio la Paris la Desemba 1, 1994.

Hatua ya 7: Chagua dai moja lenye mwenyewe

"Unyanyapaa uishe" si dai. Hakuna ofisa anayeweza kukuandikia barua ya kumaliza unyanyapaa. Dai ni kitu ambacho mtu fulani, kwenye ofisi fulani, anaweza kukifanya au kukikataa, na ninyi mkaenda kuangalia kama amekifanya.

Chukua mfano wa kituo cha afya ambako benchi la CTC liko peke yake chini ya mwembe, faili zina rangi yake, na anayepita kwenda kung'oa jino anajua nani ni nani. Kikundi kinaweza kulalamika kwamba "huduma haina staha", na mganga mfawidhi akatikisa kichwa kwa masikitiko. Au kinaweza kusema: tunaomba majina yasiitwe kwa sauti, zitumike namba, tunaomba faili zote za kituo ziwe rangi moja, tutarudi baada ya mwezi kuona. La kwanza halina gharama, la pili lina gharama ndogo. Mganga mfawidhi ana uwezo wa kuamua la kwanza siku hiyo hiyo, mkiwa mbele yake. Liwekeni hilo mbele.

Mfano mwingine ni mikopo ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa ajili ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. WAVIU hawana fungu lao, na sioni haja ya kulidai, maana wengi wetu ni wanawake na vijana hao hao. Tatizo hutokea pale kikundi kinapokataliwa kimyakimya kwa sababu mtu fulani kwenye kamati amesema "hao wagonjwa watarejesha nini". Hapo dai ni jepesi kuandika: tunaomba sababu za kukataliwa kwetu kwa maandishi. Maneno yale ya kikaoni hayaandikiki kwenye barua ya serikali, kwa hiyo itabidi watafute sababu halali au wapitishe mkopo.

Kuna pia Kamati za Kudhibiti UKIMWI, kuanzia kijiji na mtaa hadi halmashauri, zenye nafasi za WAVIU. Nendeni mkaulize nani amekaa kwenye nafasi hiyo kwenu. Sehemu nyingi jina lipo ila mtu haitwi vikaoni. Kudai barua ya mwaliko ni mazoezi mazuri kwa kikundi kichanga.

Kama dai lenu ni la fedha, fuateni kalenda ya serikali, si ya maadhimisho. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makisio huandaliwa na kujadiliwa miezi kadhaa kabla. Desemba mosi kila mtu yuko uwanjani na fulana; vikao vya kupanga fedha viko kwingine, na humo hakuna ngoma. Mkutano mkuu wa kijiji nao unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu: pelekeni ajenda kwa maandishi mapema, msingoje "mengineyo". Tangu Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, na wahudumu wa jamii waliokuwa wakilipwa na miradi wakajikuta nyumbani, dai la fedha za ndani limepata wasikilizaji ambao zamani halikuwa nao.

Ushahidi wenu ni daftari. Andikeni tarehe, mahali, maneno yenyewe yaliyosemwa, cheo cha aliyesema, na nani alisikia. Aliyetendewa aandikwe kwa herufi, jina lake likae kwa mtu mmoja. Barua iwe ukurasa mmoja, na mrudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo mtaambiwa haikufika.

Hatua ya 8: Jua sheria itakubeba wapi

Sheria ya 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi, inataka majibu yawe siri, na hairuhusu mtu kulazimishwa kupima isipokuwa katika mazingira machache kama amri ya mahakama. Sheria hiyo hiyo ina adhabu kwa anayeambukiza kwa makusudi, ndiyo sababu nyingine ya kutunza majibu yako ya kipimo kwa maandishi.

Kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja VVU na UKIMWI waziwazi miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu. Ukiachishwa, shauri linafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Watu wengi hupoteza haki hapa: wanalia mwezi wa kwanza, wanaomba wazee waende kumbembeleza bosi mwezi wa pili, wakifika Tume muda umepita na inabidi waanze kwa kuomba kusamehewa ucheleweshaji. Fungua kwanza, wazee waende huku shauri likiwa limefunguliwa.

Mtu akisambaza majibu yako kwa WhatsApp, hifadhi picha ya skrini yenye tarehe na namba kabla hajafuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya 2017, hutoa msaada bure. Ofisi ya maendeleo ya jamii inawajua. Msomaji wa Kenya ana chombo ambacho sisi hatuna: mahakama maalumu ya masuala ya VVU na UKIMWI, iliyoundwa chini ya sheria ya 2006.

Hatua ya 9: Redio, simu na picha

Mtangazaji atataka machozi, ni kazi yake. Kutana naye kabla ya kipindi umpe mambo matatu utakayoyazungumza na moja usiloligusa. Uliza kama kipindi ni cha moja kwa moja au kitarekodiwa, na kama kitapandishwa YouTube, maana cha huko hakirudi. Mume, watoto na kituo unachochukulia dawa usivitaje. Namba ya simu iwe ya kikundi, isiwe yako.

Kila swali lirudishe kwenye dai. "Ulijisikiaje siku ya majibu?" "Niliogopa, kama yeyote. Leo ninachoogopa ni lile benchi la chini ya mwembe, na mganga mfawidhi ametuahidi kuliondoa mwezi ujao."

Utaambiwa umelipwa. Mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alipojitangaza mwaka 1989, wapo waliosema anatafuta soko la nyimbo zake; alifariki Desemba mwaka huo huo. Usihangaike kuonyesha kadi ya CTC hewani ili waamini. Kadi ina namba yako.

Hatua ya 10: Watakaokujia baada ya kujulikana

Wa kwanza ni wauza tiba. Watakuja na maji, mafuta, dawa ya mizizi, na ombi dogo: ukipona, utoe ushuhuda. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, wakinywa kikombe kwa shilingi 500, na wapo walioacha ARV baada ya kunywa. Uso unaojulikana ndio wanaoutaka zaidi, kwa sababu ukiacha dawa wewe, nyuma yako wataacha wengi usiowajua. Mkatalie mbele ya watu.

Wa pili ni wenye semina. Tarehe ya semina ikigongana na ya kliniki, nenda kliniki. Kuhusu posho, wekeni kanuni kabla fedha haijafika: nauli ya msemaji hulipwa na aliyemwita, na mwaliko huja kwa kikundi, kikundi ndicho huchagua nani aende. Asisemee watu mmoja yule yule mwaka mzima. Wafundisheni wengine wawili au watatu hoja ile ile, wawe na nakala ya daftari na za barua zenye muhuri, ili msemaji wenu akichoka, akiolewa au akihamia Dodoma, mganga mfawidhi asipate nafasi ya kusema hajui mnadai nini.